Chumba Namba Nne na Miguu ya Kanyiva

Mgeni rasmi, Daktari Dedan Mwaura, uliye mwenyekiti wa bodi ya Kituo cha Afya cha Msamaria, wahudumu wetu, majirani wa Woodley, nanyi mliotoka Kileleshwa na Spring Valley: hamjambo.

KARIBU

Sisi ni wagonjwa kumi na tisa wenye mapafu yaliyoingia makovu. Tunakukaribisha kwa sauti ndogo, maana ndiyo tuliyo nayo. Ukiona mtu ameanza kupiga makofi akaachia katikati, si dharau, ni pumzi. Tunajua una shughuli nyingi, na tunajua pia kwamba kesho kutwa bodi yako inakaa kuamua kama Chumba Namba Nne, tunamofanyia mazoezi, kigeuzwe stoo ya faili. Hatutaumauma maneno: tumekuita kwa sababu hiyo.

TULIKOTOKA

Tusikuchoshe na habari za watu kumi na tisa. Tutasimulia ya mmoja, mwenzetu Kanyiva, ambaye ndiye anayekusomea risala hii. Hakuonyeshwa sehemu hii mpaka asubuhi ya leo, na aliponuna tukamwambia kamati imeshapitisha. Kwa hiyo asiruke mstari, nakala tunazo.

Kanyiva alifuga kuku wa mayai katika chumba cha nyuma hapa Woodley kwa miaka kumi na minne, na mayai yake yalifika hadi majikoni mwa matajiri wa Spring Valley. Kikohozi kikavu kilipomwanza, aliambiwa ni pumu. Kisha akatibiwa kifua kikuu mara mbili, ingawa makohozi yake hayakuwahi kuonyesha mdudu. Miaka minne ikaenda hivyo, hadi daktari mmoja alipomuuliza anafuga nini, akaagiza picha ya CT, na makovu yakaonekana: vumbi la manyoya na kinyesi cha kuku ndilo lililoyaleta. Kuku waliondolewa wiki hiyohiyo. Aliwalilia kuliko alivyoyalilia mapafu, nasi tukajizuia kucheka mbele yake.

Nyumbani wakampenda vibaya. Binti yake Stacy alimsogezea karai, birika na redio karibu na kitanda. Mwanawe Kimanzi akatangaza kwamba Mama asiguse hata ufagio. Mzazi mgonjwa akionekana anafagia, majirani watasemaje? Naye Kanyiva aliamini kwamba pumzi huwekwa akiba, na kila hatua inaipunguza. Akakaa miezi minane. Siku ya harusi ya mpwa wake, bibi harusi alipoingia kanisani watu wote wakasimama, yeye magoti yakakataa. Mapafu yalikuwa yaleyale ya mwaka uliotangulia. Kilichomwangusha ni mapaja. Kosa hilo tumelifanya sote, kila mtu na mtoto wake mwema.

MAFANIKIO

Ndipo akaletwa Chumba Namba Nne kwa Nyawira, mtaalamu wetu wa tiba ya viungo. Nyawira alimzungushia paja tepu ya fundi wa nguo, akamsukuma mguu na kumwambia naye asukume, kisha akamtaka aketi na kusimama kwa dakika moja bila kushika kitu, kidude cha kupima oksijeni kikiwa kidoleni. Alisimama mara nne. Akaanza kulia, akasema basi amekwisha. Nyawira akamjibu:

“Mama Stacy, hiyo mapafu siwezi kukurudishia, sitakudanganya. Lakini miguu bado ni yako. Hiyo tutarudisha.”

Kwa wiki tatu Kanyiva alimwita askari jela. Wiki ya nne akamletea ndizi. Jumapili iliyopita alipanda ghorofa tatu hadi kwa Stacy, Kileleshwa, akipumzika kila ngazi zinapokata kona. Stacy alifungua mlango, akachungulia nyuma yake, akauliza ameletwa na nani. Hakuwa ameletwa na mtu. Habari hiyo ilitufurahisha mpaka tukakohoa.

CHANGAMOTO

Mgeni rasmi, ripoti iliyo mezani kwako inasema hatupati nafuu. Hatuiiti ya uongo. Walioiandika walitupima kwa kutupulizisha mashine, na ni kweli, namba ya Kanyiva haijapanda hata kidogo. Makovu hayafutwi na mazoezi. Lakini hakuna aliyeuliza habari za miguu, na hapo ndipo panapotuuma.

Wapo wanaosema tukafanyie nyumbani. Tumejaribu. Oksijeni huweza kushuka mwenyewe asijue, na mwenzetu Mzee Nzomo alizimia jikoni kwake akiketi na kusimama huku akijihesabia peke yake. Tunahitaji jicho la anayejua wakati wa kumwambia mtu atulie.

Kimanzi amesema chumba kikifungwa atampeleka mama yake Kitui akapumzike. Yuko hapa safu ya pili, ni kijana mwenye heshima, na nia yake ni njema. Ila kupumzika huko tunakujua: kunaanzia kitandani na kuishia hapohapo. Kanyiva anaogopa. Hilo ndilo neno pekee alilotuomba mwenyewe tuliandike.

MAOMBI

Tunaomba chumba kibaki. Tunaomba kila atakayegunduliwa ana ugonjwa huu apimwe nguvu za misuli siku hiyohiyo, asingoje mpaka magoti yamwaibishe kanisani, na apimwe tena kila baada ya miezi mitatu. Pumzi na miguu viandikwe kwenye karatasi moja, ndipo bodi isome. Jengo jipya hatuombi.

Na moja dogo. Karatasi hii ikiisha, Kanyiva ataikunja, Nyawira atamvisha kidude kidoleni, naye ataketi na kusimama kwa dakika moja mbele yenu. Kazi ya kuhesabu ni ya Nyawira siku zote. Leo tunakuomba uhesabu wewe, kwa sauti, hadi safu ya pili wasikie. Usimwongezee hata moja.

Mungu akujalie kifua chepesi na magoti ya kukufikisha uzeeni, wewe na wote walioketi hapa.

Ni sisi,
Kikundi cha Pumzi na Miguu, Woodley.