Wasifu wa Marehemu Baba: Viatu Alivyomuuzia Mwalimu

Baba aliniachia mimi, bintiye mkubwa, kazi ya kusoma maneno haya, akanikataza kuyaremba.

Alizaliwa tarehe 9 Machi 1958, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya stesheni ya reli, mtoto wa tatu wa fundi bomba. Alimaliza shule ya msingi mwaka 1971. Hesabu alifundishwa na mwalimu aliyeketi hapa mbele leo.

Mwaka 1976 aliajiriwa kuuza viatu, na mwaka 1989 akafungua duka lake. Watu walimwita Bwana Saizi, kwa sababu aliweza kukadiria mguu wa mtu akiwa bado mlangoni. Mama alikuwa mteja wake tangu enzi za kuajiriwa. Siku ya kwanza baba alimvisha pea kumi na moja, kila moja akidai haikai vizuri, ili tu mama asiondoke. Walifunga ndoa tarehe 18 Agosti 1984.

Novemba 2009 yule mwalimu wake wa hesabu, aliyekuwa na kisukari, alikuja dukani. Alimwambia baba, "Miguu imekufa ganzi siku hizi, sisikii kitu." Viatu alivyovipenda vilikuwa vidogo. Baba aliona, lakini akasema, "Vitafunguka vyenyewe, mwalimu." Viatu vikamchubua mwalimu, na kidonda kikaoza bila maumivu. Januari iliyofuata alikatwa vidole viwili vya mguu. Baba alisikia, asiende hata kumpa pole. Kwa miaka miwili alipita barabara ya nyuma asikutane naye.

Mwaka 2012 baba naye aligundulika ana kisukari aina ya pili, akapelekwa kliniki kwenye somo la kutunza miguu. Aliyealikwa kutoa ushuhuda alikuwa mwalimu. Alieleza yote, ila muuzaji hakumtaja. Baba alitazama sakafu mpaka watu wakaondoka.

"Nimekuona tangu ulipoingia," mwalimu alimwambia. "Vua soksi tukuangalie miguu."

Baba alilia mbele ya muuguzi.

Tangu hapo, kila Alhamisi walifundisha pamoja kliniki: kagua nyayo kwa kioo kila siku, kausha katikati ya vidole, ingiza mkono ndani ya kiatu kabla ya kuvaa, usitembee peku. Dukani aliwaambia wenye kisukari, "Rudi jioni, miguu ikishavimba, ndipo nikupime." Wengine hawakurudi. Aibu haikumtoka. Aliniambia kila akiinama kumvisha mtu, anaviona vile vidole.

Moyo ulianza kumsumbua Januari 2022. Alilazwa tarehe 28 Mei 2023, akafariki Ijumaa, tarehe 2 Juni, saa tatu asubuhi. Siku ya mwisho nilipompaka mafuta miguuni, ilikuwa mizima yote miwili. Aliivuta chini ya shuka, akageukia ukutani.

Ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu wanne, dada mmoja, na mwalimu aliyemsamehe siku ile ile ya somo. Yeye mwenyewe hakuweza kujisamehe.

Mungu ampokee, baba yetu apumzike, na aibu yake tuizike naye leo.