Duka la Shangazi Limefungwa

Wasikilizaji wapendwa, popote mlipo, vuteni viti. Leo hatumkumbuki marehemu. Leo tunalikumbuka duka. Duka la mbao za magurudumu, zile za kusimama juu yake ukateleza barabarani huku mama yako akifumba macho. Lilidumu miaka ishirini na sita. Jumamosi iliyopita, saa kumi alasiri, lilifungwa.

Mwenye duka tulimwita Shangazi. Sote, hata waliomzidi umri. Zamani alikuwa seremala wa milango, na hakuwahi kupanda ubao hata mmoja. Ukimuuliza, anakujibu: "Kwani fundi wa magauni ya arusi huolewa kila wiki?"

Ukiingia, unapokewa na harufu ya gundi. Jua la mchana linapita dirishani, vumbi la msasa linaelea ndani yake taratibu, nawe unasahau ulikuwa unakwenda wapi. Mimi nilisahau hivyo kurudi kwenye kazi yangu ya kwanza. Nikafukuzwa. Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole.

Kila ubao Shangazi aliufunga mwenyewe. Anabandika msasa juu, anakata kingo kwa wembe bila kuinua mkono. Kisha ekseli mbili, vile vyuma vinavyoshika magurudumu, nati nane. Na ekseli hizo, wasikilizaji, zina mbele na nyuma. Ukizigeuza, unaegemea kulia, ubao unakwenda kushoto. Kwa miaka ishirini na tano Shangazi hakukosea.

Mwaka wa mwisho akaanza kukosea.

Wa kwanza kugundua ni muuguzi mmoja, mteja wake tangu utotoni. Aliegemea kulia, akaingia kwenye ua wa watu, kushoto. Akatoka na majani kichwani, akakaa kwenye ngazi za nyumba ya pale konani, akazigeuza ekseli kwa spana. Hakusema kitu. Wa pili naye hakusema. Wa tatu nilikuwa mimi. Tukafunika kombe. Ikawa desturi: ukinunua ubao kwa Shangazi, unapita konani kwanza, unarekebisha. Tulijiona watu wema sana.

Binti yake ananiambia: "Nyumbani mama alianza kuniita kwa jina la dada yake. Nikawa naitika tu. Ningemwambia nini?"

Mwezi uliopita mteja alisahau kofia yake dukani. Shangazi akamfuata nayo. Akakunja kona, akatukuta wanne kwenye ngazi, mbao zimepinduliwa mapajani, spana mikononi, magurudumu bado yanazunguka polepole. Hakuna aliyeinua kichwa.

"Tangu lini?" akauliza.

"Tangu mwaka jana, Shangazi," muuguzi akajibu.

"Na mgeni, asiyeijua kona hii? Huyo anaanguka wapi?"

Akampa mteja kofia yake, akarudi dukani, akaandika kwenye kadibodi: Jumamosi, mwisho.

Jumamosi tulijaa mpaka mlangoni. Shangazi alichukua ubao mmoja, wa binti yake, mama wa watoto wawili ambaye hajawahi kupanda. "Huu ndio wa mwisho," akasema. "Niangalieni mikono." Ekseli ya mbele akaiweka sawa. Ya nyuma akaiweka kinyume. Tukanyamaza. Hata mimi, ninayelipwa kusema, nikatazama viatu vyangu.

Binti ndiye aliyesema, polepole: "Mama, hiyo umeigeuza."

Shangazi akaitazama. Akaigeuza. Akakaza nati zote nane, akampa ubao wake. "Asante, mwanangu," akasema. "Ningeambiwa mapema, ningekuwa nauliza kila siku."

Kwa binti na wajukuu, poleni sana. Poleni nyote mliojifunza kuanguka mbele ya mlango ule. Nawe Shangazi, najua redio yako iko wazi: nisamehe.

Na ninyi wasikilizaji, kama yupo mtu mnayemrekebishia makosa yake kwa siri, nendeni mkakae naye leo, mkamwambie kwa upole. Msingoje. Duka lile halikufungwa na mikono ya Shangazi. Alihitaji mtu wa kumwambia tu, na sisi tuliompenda tulinyamaza mwaka mzima.

Mchana mwema.