Kikombe cha Nizar bin Khelef

Enyi wafiwa wenzangu mliomo humu sablani, ukumbini kwa wanaume, nanyi kina mama mnaotusikia kwa kipaza sauti upande wa pili, assalaam alaykum, naanza kwa kuomba radhi, kwani mwenye sauti nzuri katika ukoo wetu ana mafua, mwenye kusoma kwa utulivu bado analia, nikabaki mimi, Mahrous, mtoto wa ami yake marehemu, ambaye hata nikisoma hotuba ya harusi watu huulizana nani kafa, basi nikiharibu jueni kwamba maisha yenyewe yalikuwa mazuri kuliko msomaji.

Marehemu Nizar bin Khelef alizaliwa Wete, Pemba, tarehe 4 Juni 1955, akasoma skuli huko huko, na mwaka 1973 akaja Oman, akafikia hapa Ibra kwa kaka yake, Sheikh Sinan, akiwa na Kiarabu cha chuoni, cha msahafu, peke yake, hata akiuliza bei ya nyanya mwenye duka husimama kwa heshima. Akapelekwa Kairo kusomea kupiga picha za mifupa, na kuanzia tarehe 1 Machi 1980 hadi alipostaafu mwaka 2015 akafanya kazi hiyo katika hospitali moja ya Nizwa, ndani ya chumba cha giza, akiwatazama watu kwa ndani, akawa akisema kwamba kila mtu amebeba mwezi uliovunjika vipande, na kwamba fundi wa gereji za Firq na tajiri anayemtengenezea gari, ukiwatundika kwenye taa, huwajui nani ni nani.

Mama yake alifariki Wete mwaka 1981, habari ikamfikia Nizwa hitima imeshasomwa na mikeka imeshakunjwa, na tangu hapo akawa anamwota amesimama mlangoni pa chumba kile cha giza, kanga imelowa, anamwuliza, "Ushakula, mwanangu?", naye kabla hajajibu huamka.

Tarehe 9 Februari 1984 alimwoa Bi Tufool binti Yaarub wa Manah, wakajaaliwa watoto watatu, Ghassan, Mazoon na Maram, na nyumba isiyoishiwa kahawa.

Mwaka 2004 alikuja kufanya kazi pale hospitalini muuguzi Sista Arenla, ambaye leo yuko nasi upande wa kina mama, Mnaga kutoka milima ya mbali ya kaskazini mashariki mwa Uhindi, akamsimulia Nizar aliyoyasikia kwa bibi yake, kwamba kwao zamani, kabla ya kanisa kuingia na watu kuanza kuzika, maiti hakuondolewa haraka, bali aliwekwa ndani ya nyumba juu ya moshi wa kuni, pengine hata miezi miwili, akikauka taratibu, watu wakipita na kumsemesha, wakimwekea sehemu yake ya chakula na pombe ya mchele, ndipo wakamtoa na kumlaza juu ya kichanja cha mianzi nje ya kijiji, pamoja na mkuki wake na vitu vyake alivyovipenda. Nizar alipotuhadithia sisi, ile pombe aliigeuza uji.

Habari ile ilimwingia, akawa kila msimu wa mawaridi akitupandisha Jabal al Akhdar, anakaa ukingoni, ukungu unapanda kutoka bondeni na kutufunika magoti, husema kwa sauti ndogo kwamba moshi kama huu ungemtosha mama yake, angemkuta bado yuko, angemjibu kwamba ameshakula.

Mwaka 2021 alianza kuugua figo, akawa anakwenda kusafishwa damu mara tatu kwa wiki, na mwezi uliopita alimwomba mkewe jambo moja tu, kwamba tanga likiwekwa, mahali pake hapo karibu na mlango pasikaliwe, na kahawa ikipita yeye asirukwe, Bi Tufool akamwahidi. Mwenyezi Mungu alimchukua Jumanne tarehe 14 Januari 2025, alfajiri, nyumbani kwake hapa Ibra, akazikwa kabla ya adhuhuri.

Hapo ndipo ahadi ya Bi Tufool ilipotaka kumshinda, kwani Sheikh Sinan, aliyemlea marehemu kama mwanawe, alisimama mlangoni kwa kina mama, akasema, "Tufool, maiti hanywi kahawa."

"Najua hanywi, shemegi," akajibu. "Mzima alikuwa anakatazwa na daktari, na sasa unamkataza wewe. Atapumzika lini?"

Sheikh machozi yakamlenga, akasema, "Mimineni, lakini niya iwe ni kikombe cha mgeni aliyechelewa."

Basi kwa siku tatu hizi Ghassan amekuwa akikijaza kikombe kile, moshi wa ubani ukikizunguka, na kila akirudi anakikuta kitupu, anakwenda kumwonyesha mama yake, mama anatabasamu, na jana usiku nimewasikia wazee wawili wakinong'ona habari za majini wa Bahla.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Nizwa na Ibra, majirani waliopika na kufungua nyumba zao, wafanyakazi wenzake, na Sista Arenla aliyesafiri kutoka Nizwa na mkoba wa machungwa. Nizar, ndugu yangu, lala kwa raha, Mola akukutanishe na mama yako, umjibu.

Na wazee wangu, majini muwaache, kikombe nakinywa mimi, maana mlipokuwa mkimzika nilikuwa njiani kutoka Sur, nimesimama Al Kamil nakunywa chai, nikafika mnakung'uta mchanga mikononi, basi mgeni aliyechelewa ni huyu, nami nikalaumu haraka zetu, nikatamani tungekuwa Wanaga wa zamani, mpaka nikajikumbuka, kwamba wangenipa hiyo miezi miwili yote, nami ningefika kesho yake.