Pazia Lililokwama

Sogeeni, Thierry na Victoire, niinueni kidogo kwenye mto, maana pumzi niliyobaki nayo haitoshi kurudia maneno. Nyumba hii ya Songo na shamba la Kiringye ni vyenu, lakini baba yenu abaki humu mpaka siku yake ifike. Thierry, usigeuze uso. Nilikusikia jana uani ukimwambia dada yako, "Mama akienda tu, ule muzee arudi kwa bibi yake wa Lubarika." Ngoja kwanza unisikie.

Mimi na baba yenu tulipokuwa mwaka wa tano wa sekondari, mwalimu Mathieu alituigizisha mchezo wa kale wa Ulaya, wa zamani zile alizoziita Renesansi: mhuni anamaliza mali kwa pombe na wanawake, halafu mwishoni anapiga magoti mbele ya mke wake, anasema maneno matamu, anasamehewa, pazia linafungwa. Mhuni alikuwa Marcellin, baba yenu, kwa sababu alijua kulia. Mimi nilikuwa mvuta pazia, vitenge vya mama yangu nilivyoviunga kwa mkono. Watu walijaa mpaka madirishani. Maneno yakaisha, nikavuta, pazia likakwama. Akabaki kwenye magoti, na mama mmoja akapaza sauti nyuma: "Ni vile, kijana! Sasa iko nini ingine?" Watu wakacheka mpaka machozi. Marcellin akasimama, akajifuta vumbi, akaanza kubeba mabenchi kuyarudisha darasani. Hapo ndipo nilipompenda, wanangu, si kwenye magoti.

Yaliyofuata mnayajua, na miaka ile alipotuacha akaishi na yule mwanamke wa Lubarika, niliwalea kwa kuuza ndagala, wale dagaa wa ziwani. Aliporudi alipiga magoti pale mlangoni, akasema maneno yaleyale ya mchezo, yote. Nikamwambia, "Simama weye, hayo ni ya mwalimu Mathieu. Mihogo iko inaoza Kiringye." Akainuka, akachukua jembe. Tangu siku ile hajaniomba msamaha tena, na mto ulipofurika ni yeye aliyembeba mgongoni mama yangu, ambaye alikuwa akimwita mbwa mbele za watu. Wale watunzi wa kale walijua kumrudisha mhuni nyumbani, lakini hawakutuonyesha kesho yake asubuhi. Mimi nimeiona, miaka mingi.

Basi msimdai magoti. Siku ya kunizika, mwacheni arudishe viti kwa majirani. Ndivyo anavyolia sasa. Thierry, msimu huu ukalime naye. Victoire, usimnyime chakula hata ukikasirika.

Mungu awalinde... awape wenzi wanaobaki maneno yakiisha. Mnasikia? Anapasua kuni. Pazia la mlango... liacheni wazi. Mwiteni aje na maji. Asiseme kitu... aje tu.