Okech Ojuok, Msoma Nyota Wetu Aliyenyimwa Studio

Ndugu Okech Ojuok, msoma nyota wa redio yetu hapa Mwanza, anastaafu leo Jumanne tarehe 30 Juni 2026 baada ya kazi ya miaka ishirini na saba. Kesho anatimiza sitini. Anatimiza kwa karatasi, maana siku aliyozaliwa kule Shirati hakuna anayeijua. Mama yake alikumbuka tu kwamba palikuwa na njaa, ndiyo akamwita Okech, kama Wasukuma wanavyomwita mtoto wa njaa Mayala. Tarehe moja Julai ni ya karani. Karani alikuwa na haraka zake, akaandika, na leo mtu mwenye nguvu zake anaambiwa akapumzike. Amechoka nani? Njaa haina tarehe jamani.

Anayeandika ni mimi Selina wa kantini. Wenye diploma wapo wengi humu, ila wote walimkuta Okech kazini, mimi ndiye niliyeanza naye. Meneja wetu mpya, Bwana Shigela, akaniita akasema, "Dada Selina, andika nusu ukurasa. Sema alikuwa mtangazaji mchapakazi. Mambo ya nyota usiyaguse, yanatuaibisha."

Nikamwitikia sawa bosi, nikaondoka moyo unachemka kuliko sufuria. Mtu kasoma nyota miaka yote hiyo, ukitoa nyota anabaki nani? Mvuvi ukimuaga utasema alikuwa mtu mzuri, habari za samaki tuziache?

Na sio hilo tu. Kaka Okech aliomba kitu kimoja. Hakuomba godoro wala saa ya ukutani. Aliomba asubuhi ya leo aingie studio asome nyota kumi na mbili mara ya mwisho, awaage watu wake wa Ukerewe, Sengerema na Magu waliokuwa wanamsikiliza huku wanakoleza moto wa chai. Meneja akakataa. Eti utabiri umepitwa na wakati, vijana wanaangalia kwenye simu. Simu nayo inaangalia wapi? Si huko huko juu? Asubuhi wamepiga muziki tu, kaka Okech amekaa kantini kwangu anakoroga chai isiyo na sukari. Na meneja huyu huyu, kila kabla ya kikao kikubwa, anapita jikoni kuchukua chapati, anaangalia nyuma, ananiuliza kwa sauti ya chini, "Eti leo Mizani tumesemwaje?" Msinifanye niseme mengi.

Okech aliajiriwa kama mlinzi wa geti. Alikuwa na kitabu kimoja kinene cha falaki, jalada limetoka, alichonunua Dar kwa shehe mmoja. Walinzi wenzake walikuwa wanamzunguka anawasomea. Asubuhi moja mtangazaji akaamka hana sauti kabisa, bosi wa wakati ule akatoka nje amechanganyikiwa, akasikia sauti nzito getini inasema, "Nge, leo mdomo wako ufunge." Akamvuta ndani na sare zake za ulinzi. Kipindi kikaitwa Nyota ya Asubuhi, na getini hakurudi tena.

Mtakatifu hakuwa. Akichelewa kuamka alikuwa anasoma za wiki iliyopita, nilimkamata mara nyingi. Na sisi wa Kaa alituonea. Kila siku Kaa, punguza maneno. Kaa, ulimi utakuponza. Nikamwambia, "Kaka Okech, Kaa tuko wengi nchi hii, mbona unanitazama mimi kwenye kioo cha studio?" Akasema, "Na mimi ni Kaa, dada. Najionya mwenyewe." Muongo mkubwa.

Jumapili alikuwa anatoa historia, na hapo maandazi yaliungua sana. Kumbe zamani kule Babeli nyota zilikuwa za mfalme tu! Wataalamu wanapanda mnarani, wanatazama vita, mavuno, uhai wa mfalme. Wewe muuza dagaa huna nyota hata moja, ulizaliwa gizani. Mwezi ukipatwa, ikaonekana mfalme ana mkosi, anatafutwa mtu wa hivi hivi, anavikwa nguo za mfalme, anakalishwa kwenye kiti chake, anakula vya mfalme, halafu wanamuua ili mkosi uende naye. Mfalme anarudi kukaa, anajifuta mdomo! Siku ile nilifoka mpaka Okech akaniambia, "Dada, hao walishakufa miaka maelfu, shusha pumzi."

Baadaye ndio Wagiriki wakamgawia kila mtu nyota yake kwa siku aliyozaliwa. Afadhali. Lakini wapo kati yao waliosema kilichoandikwa kimeandikwa, ukikikimbia unakikuta mbele kimekaa kinakusubiri. Waarabu wakaongeza hesabu, vitabu vikafika pwani yetu. Mapadri na mashehe wakakemea, ajuaye ni Mungu. Wengine wakatafuta njia ya katikati wakasema nyota inaelekeza, hailazimishi. Mwisho magazeti yakaja yakaifanya ushauri wa jirani, leo usikopeshe, leo vaa bluu.

Kaka Okech mwanzoni alikuwa upande wa wale Wagiriki. Akisema usivuke, usivuke. Hapo ndipo lilipotokea lile la Kigongo, ambalo mpaka leo watu wanalisimulia kombokombo, na meneja analitumia kama ushahidi kwamba nyota ni uchafu. Ngoja niwanyooshee.

Ni miaka kumi iliyopita, daraja la Kigongo mpaka Busisi bado halijajengwa. Fundi mitambo wetu, Chenge wa Kisesa, alikuwa anaoa binti wa Busisi, Evelina. Wazee wa Chenge wakapanga kuvuka na pantoni siku hiyo kwenda kuongea habari za ng'ombe wa mahari. Upande wa pili wamechinja, wamepika, wametandika mikeka. Asubuhi ile ile Okech anasoma hewani, na aliyemfungulia kipaza ni Chenge mwenyewe: "Mbuzi, leo usivuke maji."

Sasa Mbuzi ni nani? Mbuzi ni tarehe moja Januari. Na tarehe moja Januari ndiyo siku wanayoandikwa wazee wote wasiojua siku yao! Mmoja kazaliwa wakati wa kupalilia pamba, mwingine wakati wa mafuriko, mwingine njaa, karani kawapanga wote mstari mmoja. Wazee wa Chenge, kuanzia baba yake mkubwa Mzee Mayala, wote Mbuzi. Walikuwa wamefika kivukoni Kigongo, redio ya muuza kahawa ikasema, wakakaa chini. Pantoni ikajaa, ikaondoka. Ikarudi, ikajaa, ikaondoka. Na wengine kibao wenye Januari yao wamekaa na matenga ya nyanya. Hapo lawama zote kwa Okech! Hakuna aliyemlaumu karani, hakuna aliyejilaumu mwenyewe. Mtu umezaliwa kwenye mafuriko, unaogopaje maji?

Chenge, aliyewafuata Kigongo baada ya kipindi, akapiga simu studio analia. Okech akaacha kila kitu, akapanda gari mpaka Kigongo, akawasalimia shikamoo mmoja mmoja, akawaambia, "Wazee wangu, nyota sio askari. Twendeni." Mzee Mayala akamtazama. "Wewe nyota yako nini?"

"Kaa, mzee."

"Kaa kwake si majini? Vuka wewe. Utuombee radhi, sisi tutakuja kesho."

Akavuka na Chenge, wawili tu. Haya ameyasimulia Chenge mwenyewe. Baba yake Evelina alikuwa amesimama mlangoni, mikono nyuma, kanuna.

"Kisesa wamekwisha mpaka mnaniletea Mjaluo?"

"Shikamoo baba. Wazee wapo Kigongo. Wameambiwa wasivuke maji."

"Nani mpumbavu kawaambia?"

"Mimi."

Yule baba akamzunguka kama anakagua ng'ombe mnadani. Akasema, "Kumbe sauti ni yako. Basi ingia ndani, kaa. Chakula cha wazee kumi na mbili kipo. Wewe ndiye uliyewazuia, wewe ndiye utakayekula sehemu zao."

Na akala! Ugali, sato, kuku, wali, akimaliza sahani wanaleta ya mzee mwingine kwa jina lake. "Hii ya Mzee Mayala, karibu." Kaka Okech akafungua mkanda. Akafungua kifungo. Kwenye sahani ya nne akaanza kusema Kijaluo peke yake. Akina mama wakacheka mpaka wakashika ukuta, na baba mwenyewe akashindwa kununa. Kesho yake Mbuzi wote wakavuka, ng'ombe wakaongelewa, na mshenga akiwa huyo huyo Okech, anaongea akiwa amejishika tumbo.

Aliporudi studio akabadilika. Akasema kile kitabu kimetungwa na watu wa jangwani, kwao kuvuka maji ni safari ya mwaka, kwetu ni kwenda dukani. Tangu hapo hakusema tena usivuke. Akawa anasema, "Ukivuka, vuka macho wazi." Wasikilizaji wakalalamika, eti nyota zake zimeng'oka meno. Hamridhiki nyie! Akikataza mnamtukana, akiwaachia mchague mnamtukana. Mnataka nini, awachagulie mpaka wake wa kuoa? Na daraja lilipofunguliwa mwaka jana, simu zikajaa: kupita juu ya daraja ni kuvuka maji au sio? Akawajibu, "Amua mwenyewe, mimi napita."

Ndiyo maana nakasirika. Mtu huyu alikalishwa mahali pa wazee akala mikosi ya wenzake, sahani baada ya sahani, na leo mnataka atoke kwa mlango wa nyuma kama yule wa Babeli. Sikubali. Karatasi hii ya sherehe mliyonayo mkononi nimeipeleka kuchapwa mwenyewe.

Sasa wageni wetu, sikilizeni vizuri. Sherehe hii inarushwa hewani moja kwa moja, maana meneja anataka hotuba yake isikike mpaka Ukerewe. Baada ya hotuba, ratiba inasema Neno la Mstaafu. Kwa desturi zetu neno la mstaafu ni lake, hakuna anayemkata mzee anayeaga. Kaka Okech atasimama hapo, neno lake litakuwa nyota kumi na mbili. Kipaza anacho Chenge, kama siku ile. Bwana Shigela, ukifika mstari huu, leo Mizani mnashauriwa kukaa na kusikiliza. Sio lazima. Ni ushauri tu.

Evelina yupo, meza ya mbele na watoto. Mzee Mayala yupo, fimbo mkononi. Baba yake Evelina yuko njiani, anapita darajani na masufuria, katuma ujumbe: "Mwambieni Okech asinywe chai."

Asante kaka Okech kwa asubuhi zetu zote, hata zile za wiki iliyopita. Utasoma kumi na moja. Ya Kaa usijisomee, nitakusomea mimi, na maneno sitapunguza: Kaa, tarehe ni ya karani, siku zilizobaki ni zako. Uishi kwa raha na afya tele. Vuka macho wazi, na ukishavuka, urudi kula.