Flashi Mia Mbili za Kumuaga Mama Lenzi

Mheshimiwa Mkurugenzi, wateja wetu wapendwa mlioacha shughuli zenu kuja hapa, mafundi wenzangu wa karakana, wanafamilia wa mama yetu tunayemuaga, na wewe mwenyewe Mama Lenzi, habari za mchana. Nashukuru kwa kupewa nafasi. Sasa naomba, kwa heshima zote, kila mtu aweke mfuko wake wa zawadi juu ya meza na asiuguse. Ndugu yangu wa pale mbele mwenye kompyuta, tafadhali, ifunge. Ifunge kabisa. Asante.

Naogopa, jamani. Hotuba niliyoandika imo mfukoni, na leo itabaki humo.

Ndani ya kila mfuko kuna kitambaa na flashi nyeupe yenye nembo yetu na jina la Mama Lenzi. Zote ni mia mbili, nimezitengeneza mimi jana, na wazo lilikuwa langu. Kwenye kikao nilimwambia Mkurugenzi: kalamu huisha wino, kalenda hutupwa mwaka ukiisha, fulana hugeuka tambara la kudekia, lakini flashi nani anaitupa? Mtu ataitumia miaka, atamwazima rafiki, itaingia ofisini, nyumbani, dukani kwa mpiga chapa, na popote itakapoingia, nembo yetu itaingia nayo. Mkurugenzi alipiga meza akasema, "Hapo umenena!" Na ni kweli, sifuti hata neno moja. Ndiyo maana leo nina roho mkononi.

Mama, keti basi, wewe ndiye tunayekuaga. Haya, hataki. Ameshachukua boksi la keki, anapita meza kwa meza. Mtumbukizieni flashi zenu, tafadhali. Flashi tu, vitambaa bakini navyo.

Niseme ilivyokuwa. Karakana kwetu, flashi yenye kazi ya mteja tunaiita mama. Inachomekwa kwenye mashine, na mashine inazalisha nyingine ishirini kwa mpigo. Mama Lenzi ana utaratibu wake wa miaka kumi na tisa: kila mama anaifunga uzi mwekundu, na zikishazaliwa zile nyingine anazifungua zote kwenye kompyuta, moja moja, amevaa ile miwani minene iliyompa jina. Sisi tulimcheka. Tulimwambia, "Mama, fungua tano tu, inatosha." Naye anajibu bila kuinua kichwa, "Kwani mteja utampa hizo tano tu?"

Siku ya Jumanne Mama Lenzi alikuwa anakagua kazi ya zahanati moja. Pamoja na video ya kunawa mikono akakuta faili lililosahaulika ndani ya mama yao. Majina ya watu, na mbele ya kila jina jibu la kipimo, tena kipimo ambacho mtu hakitaji hata kwa mkewe. Akaisimamisha kazi, akampigia daktari, akaifungia flashi kwenye droo yake mpaka daktari aje kuichukua kwa mkono wake. Sisi alituambia tu kwamba ina mambo ya watu na haiguswi.

Jana ufunguo wa droo ukawa wangu, maana kiti chake nakirithi mimi. Nikaanza kuzalisha picha zake za kumuaga. Saa ya chakula nikaichomoa mama, nikaitia kwenye droo, nikafunga, nikajiona mkaguzi kamili. Niliporudi nikachukua yenye uzi mwekundu nikaendelea. Zilikuwa mbili humo, jamani! Sikutazama. Nikamaliza mizunguko iliyobaki, mitatu au minne, hata sikumbuki, nikazichanganya zote, nikafunga mifuko. Sikufungua hata flashi moja.

Dakika kumi zilizopita, pale mezani, nilimkabidhi daktari wa zahanati, ambaye ni mgeni wetu leo, flashi niliyodhani ni yake. Akaichomeka kwenye kompyuta. Zikatokea picha za Mama Lenzi anacheka na mashine yake. Daktari akanitazama, akaweka kijiko chini. Hapo nikajua ile nyingine imekwenda wapi, na yeye akaniambia kilichomo.

Basi watu sitini kati yenu, labda themanini, mmepewa siri za majirani. Wengine wao wamo humu humu ukumbini. Nani kati yetu angependa jibu lake lizunguke mjini miaka na miaka, likiazimwa na huyu na yule, limepambwa nembo nzuri?

Mama amemaliza. Ngapi, Mama? Mia moja tisini na tisa. Tafadhali rudia. Amerudia, ni zile zile.

Tazameni chini ya viti. Tazameni kwenye mikoba. Hakuna? Basi naomba nizungumze na huyo mmoja, na kama ameshatoka, anayemfahamu amfikishie. Ndugu yangu, usiifungue. Irudishe, hakuna atakayekuuliza jina. Na kama umeshaifungua, sikiliza. Nilimwuliza daktari majibu yale ni ya lini. Akasema ya mwezi uliopita. Mwezi uliopita nilikwenda pale kupima, kwa hiyo jina langu limo. Lisome langu, umwambie unayetaka kumwambia, kisha ufunge. Wale wengine waache.

Mama Lenzi, kumbe jibu langu ulilijua tangu Jumanne. Na Jumanne ile ile ulinimiminia chai kwenye kikombe chako kama siku zote, ukanitania kwamba nimeoa mashine. Jana ukanipa ufunguo. Nilitaka leo nikusifu kwa macho yako, kumbe sifa yako kubwa ni mdomo wako usiotoa siri, na mimi nimeiharibu kwa mchana mmoja.

Kimebaki kitu kimoja cha kufanya. Mashine huzalisha ishirini ishirini. Tukizifungua zote, na zenye majina zikawa sitini kamili, au themanini, iliyopotea ina picha tu, na tumepona. Zikipungua moja, haijulikani siri zetu zitalala kwa nani. Mama ndiye atakayefungua, kwa kuwa aliyaona akanyamaza. Ameshavuta kiti. Ameshavaa miwani.

Mheshimiwa Mkurugenzi, ndugu zangu, asanteni kwa kunisikiliza. Sasa naomba kimya, Mama anahesabu.