Mama Maswali Hakuulizwa

Wasikilizaji wapendwa, leo sauti yangu ikikwama mnivumilie. Tunamkumbuka daktari wa mapafu, daktari wa wagonjwa wa saratani ya mapafu. Tulimzika wiki iliyopita. Wengi wenu mlimjua kwa jina la Mama Maswali, na jina hilo hakupewa bure.

Aliwahi kuketi hapa studioni, kwenye kiti hiki kinachotazamana nami. Mimi ndiye niliyepaswa kumhoji. Kabla sijamaliza kumkaribisha, akaniuliza, "Hicho kikohozi unacho tangu lini?" Nikamwambia ni vumbi la zulia. Akataka kujua kama vumbi hilo hunifuata mpaka nyumbani. Fundi mitambo wetu alicheka hadi akasahau kurusha tangazo. Nikajua kwamba siku hiyo mwenye kipindi si mimi.

Kazi yake, wasikilizaji wapendwa, ilikuwa hivi. Kuna dawa inayoingia kwa dripu na kuamsha kinga ya mwili, ili kinga hiyo ipambane na saratani. Kinga ni askari tulio nao ndani. Saratani huwalaghai, dawa huwaamsha. Nimewaona watu walioingia wodini wamebebwa, kisha wakarudi nyumbani kwa miguu yao. Lakini askari hao wakiamka, wakati mwingine hawachagui. Wanavamia tezi ya shingo. Wanavamia utumbo. Wanavamia hata mapafu yaleyale yanayotibiwa, nayo yanavimba kwa ndani na pumzi inabana. Madhara hayo yakigunduliwa mapema, mara nyingi hutulizwa. Yakichelewa, yanaweza kuua.

Mama Maswali alitaka kujua jambo moja tu: nani atapata madhara hayo, na tutamjuaje mapema? Nani, na mapema. Alichukua damu ya mgonjwa kabla ya dripu ya kwanza. Alizikodolea macho picha za kifua. Kisha alivuta kiti kando ya kitanda na kuanza. Umepanda ngazi leo? Ulipumzika njiani? Ukilala chali unakohoa? Majibu yote yaliingia kwenye kompyuta, na mwenzake, dada mmoja mtaalamu wa hesabu, akatengeneza programu ya kubashiri. Kila mgonjwa alipewa rangi. Nyekundu ni hatari kubwa. Njano ni ya wastani. Kijani ni ndogo.

Na wauguzi wake aliwakazania kila asubuhi. "Kijani si ahadi," aliwaambia. "Aliye kijani naye anaulizwa." Alijua wagonjwa huficha. Mtu anaona uvimbe unanywea, anaogopa kwamba akisema anabanwa pumzi dawa itasimamishwa. Basi anakaa kimya na kutabasamu.

Kisha saratani ikamfika yeye mwenyewe. Sigara hakuwahi kuigusa, na bado ikamfika. Mumewe, ambaye ni fundi seremala, aliniambia sebuleni kwao, "Aliniita jikoni. Akazima jiko kwanza, akanawa mikono, ndipo akanieleza. Mke wangu alikuwa mtu wa utaratibu hata kwenye mabaya."

Damu yake ikachukuliwa, picha zikatazamwa. Programu ikampa kijani. Alicheka. "Huyu mtoto nimemzaa mwenyewe," alisema, "lazima anipendelee."

Akaanza dawa. Uvimbe ukanywea. Akarudi wodini kuwahudumia wengine, na siku ya dripu yake alikaa kwenye kiti cha wagonjwa, chumba kilekile. Aliyemhudumia ni muuguzi ambaye yeye mwenyewe alimfundisha kazi.

Muuguzi huyo amekubali niyarudie maneno yake. "Kila kliniki nilimwambia, 'Daktari, maswali unayajua.' Ananijibu, 'Nayajua, mwanangu, tundika dripu.' Nami natundika. Nilimheshimu mno. Ningeanzaje kumuuliza yeye kama anakohoa? Ni kama kumuuliza mama yako kama amenawa."

Basi hakuulizwa. Wasikilizaji wapendwa, narudia, kwa sababu hapa ndipo tulipompoteza. Aliyemuuliza kila mtu, yeye hakuulizwa.

Seremala naye ana lake, na alilisema huku akitazama ukuta. "Alianza kusimama katikati ya ngazi za hapa nyumbani. Mimi goti langu bovu, siku zote napanda nyuma yake, polepole. Nikadhani ananisubiri. Nikamwambia, mke wangu, una huruma wewe. Akanishika mkono, tukapanda pamoja. Kumbe alikuwa anatafuta pumzi."

Alijua. Hilo ndilo linaloniuma. Alipolazwa, barakoa ya oksijeni usoni, binti yake alimuuliza kwa nini hakusema. Akaisogeza ile barakoa. "Uvimbe ulikuwa unanywea, mwanangu," akasema. "Nilitaka dripu moja zaidi. Moja tu."

Wenzake walimpa dawa za kutuliza kinga. Walifanya yote waliyoyaweza. Mapafu yalikuwa yamekwisha kuchoka, na asubuhi moja, binti akimpaka mafuta miguuni, akatutoka.

Baada ya mazishi, yule dada wa hesabu alikwenda kwa seremala akilia. Alisema hawezi kufungua kompyuta, kwa sababu kule ndani bosi wake bado ni kijani. Seremala akamwambia, "Mwingize kama alivyokuwa, pamoja na yale aliyoyaficha. Mkimficha na nyinyi, programu itamkosea mwingine." Ameingizwa. Programu sasa inajifunza kwake.

Watu wananiambia hiyo ni faraja. Labda. Mimi bado siioni. Ningependa awepo, aniudhi kwa maswali yake.

Kwa mumewe, kwa binti yake, kwa mama yake mzazi, poleni sana. Msiba huu ni wetu sote. Nawe muuguzi, najua unasikiliza, pole. Usiubebe peke yako.

Wasikilizaji wapendwa, kama uko kwenye tiba hii na pumzi inabana, sema leo, hata kama unaogopa. Na kama nyumbani kwako yuko yule ambaye mmezoea kusema huyu anajua kila kitu, mfuate. Keti naye. Muulize, na usiondoke mpaka ajibu.

Nilipokuwa naaga pale msibani, mama yake mzazi alinishika mkono mlangoni. Mkongwe, macho yamevimba. Akaniuliza, "Mwanangu alikuwa daktari wa watu wote hawa. Na yeye, daktari wake alikuwa nani?"

Mungu ampokee.